Machela Mbili na Mtu Asiye na Dini

Hapo zamani, wala msidhani ni zamani za mababu, ni zamani hii ya juzijuzi, simu zilipokuwa zimeshapanda mlima lakini barabara bado haijapanda, palikuwa na kijiji kikiitwa Lugungile. Kijiji cha ukungu. Asubuhi ukungu, mchana ukungu, jioni mtu anamwamkia mbuzi shikamoo akidhani ni jirani.

Lugungile palikuwa na msikiti mmoja na kanisa moja, na kila nyumba ya ibada ilikuwa na machela yake. Machela mnaijua: miti miwili mirefu, turubai katikati, kamba pembeni. Gari halifiki kule. Mgonjwa akizidiwa analazwa juu ya machela, wenye mabega wanamshusha mlima, hawa wakichoka wale wanapokea, mpaka barabarani. Mama aliyeshindwa kujifungua, machela. Mzee aliyeangukiwa na mti, machela.

Sasa, iliwahi kutokea machela ya kanisani ikambeba mtu wa msikitini, akafia njiani. Ukazuka ugomvi. Hawa wanasema tumembeba sisi, tunamzika sisi. Wale wanasema ni wetu, leteni. Maiti ikanyeshewa mvua huku watu wanashikana mashati. Tangu siku ile wazee wakakata neno: machela inayokushusha ndiyo inayokuzika. Ukilala ya msikiti ukafa, unazikwa kwa mkeka na Yasini. Ukilala ya kanisa ukafa, unazikwa kwa msalaba na rozari. Basi kila machela ikawa inabeba wake. Ugomvi ukaisha. Watu wakasema wazee wana akili. Wanayo, ndiyo, lakini akili ya wazee ni shuka fupi: ukifunika kichwa, miguu iko nje.

Mguu uliobaki nje uliitwa Zongo.

Zongo baba yake alikuwa wa kanisani, akambatiza. Mama yake alikuwa wa msikitini, akampeleka chuo cha Kurani. Kila mmoja alifanya kwa siri ya mwenzake. Akakua, akaoa, akazaa mtoto mmoja wa kike. Mtoto akashikwa na surua, akafa. Padri akaja akasema ni mapenzi ya Mungu. Shehe akaja akasema ni mapenzi ya Mungu. Zongo akawasikiliza wote wawili, akawapa kahawa, kisha akasema: "Basi huyo mwenye mapenzi ya namna hiyo, mimi simtaki nyumbani kwangu." Mke akaogopa radi, akarudi kwao. Zongo akabaki na njegere zake, karoti zake, na dada yake mkubwa, Sikudhani, ambaye nyumba yake ilitazamana na ya kwake, uwanja mmoja.

Sikudhani alikuwa mtu wa kanisa, tena wa viti vya mbele. Lakini mdogo wake alikuwa mdogo wake. Alimlea mgongoni mama yao akiwa shamba. Mtu akimsema Zongo, Sikudhani alikuwa anavua ndala kwanza, anauliza baadaye.

Na watu walimsema. Tena walimsemea kwenye simu, ambako ndala haifiki.

Kulikuwa na kundi la watsapu la kijiji, likiitwa Sauti ya Mlima. Lilianzishwa kwa kutangaziana misiba, mbuzi waliopotea na bei ya karoti. Mkuu wake, admini kama wanavyomwita, alikuwa Gaudensi, mwenye kibanda cha kuchajia simu. Gaudensi mtu mzima, ana ndevu, ana watoto, lakini ukimpa kiberiti anatafuta nyasi. Siku ambayo hakuna msiba, hakuna mbuzi, na karoti haina bei, Gaudensi alikuwa anatupa swali lake lile lile:

"Wakuu, kutoamini Mungu ni dini au si dini?"

Hapo mji mzima unaacha sufuria jikoni ziungue.

Zongo anaandika: "Si dini. Asiyefuga mbuzi, utamuuliza zizi lake liko wapi?"

Mzee Kolumba, katekista, mtunza machela ya kanisani, anaandika: "Mtu anayeshinda kutwa akitangaza hana mbuzi, huyo zizi analo kichwani."

Maalimu Mwinshehe, mtunza machela ya msikitini, anatuma sauti, maana vidole vyake havikupatana na herufi: "Zongo mwanangu, wewe kutoamini kwako unakuamini kuliko wengine wanavyoamini kuamini kwao. Hiyo ni dini kamili, bado kofia tu."

Zongo anajibu: "Na nikifa msinisomee chochote. Wala Baba Yetu, wala Yasini. Nisije nikadanganywa nikiwa siwezi kujibu."

Vikatuni vya kucheka vinamwagika. Mpaka hapo hakuna ubaya. Watu wa mlimani watafanya nini na ukungu ule? Wanagombana, wanacheka, kesho yake wanaazimana chumvi.

Ikaja asubuhi moja ya mvua. Mvua ile ya mlimani isiyo na ngurumo, inayonyesha kama mtu anayelia na hataki aulizwe. Sikudhani akampelekea mdogo wake uji, akamkuta amejikunja kitandani kama jongoo.

"Tumbo, dada."

"Tumbo la nini? Ulikula nini?"

"Lilianza jana. Nikadhani ni maharage."

Sikudhani akamwita nesi wa zahanati. Nesi akaja na mwavuli uliovunjika, akabonyeza upande wa kulia, Zongo akapiga ukelele kuku wakakimbia uani. Nesi akasimama.

"Mama, hiki ni kidole tumbo. Ashushwe hospitali. Siyo kesho, siyo mvua ikikatika. Sasa. Kikipasuka hiki, mtaniita kuja kumfumba macho."

Akasema hayo akaondoka, maana zahanati kulikuwa na mwingine anajifungua.

Sikudhani akatoa simu kifuani, akabonyeza, akasema: "Wanakijiji, ni mimi Sikudhani. Mdogo wangu Zongo hajiwezi. Nesi kasema ashushwe sasa hivi. Naomba machela. Yoyote. Naomba na watu."

Tiki zikageuka buluu. Mvua ilikuwa imewafungia wote ndani, kila mtu na simu yake mkononi. Wote walisikia.

"Pole dada."

"Pole sana mama."

"Mungu amponye."

Viganja vya kuombea vikajaa kwenye kioo, vya njano, vimebanana kama ndizi kwenye chane. Viganja vingi. Mguu uliotoka mlangoni, hakuna.

Halafu Gaudensi akaandika: "Pole mama. Swali la kizushi tu, wakuu. Anashushwa na machela ipi? Maana huyu ndugu yetu mbinguni yuko upinzani."

Vikatuni vya kucheka. Kimoja, viwili, msururu.

Maalimu Mwinshehe akatuma sauti: "Bismillahi. Bi Sikudhani, pole. Lakini tuwekane sawa mapema, tusije tukalaumiana. Sheria tunaijua. Tukimlaza kwenye yetu, na Mungu apishe mbali, likatokea la kutokea, itabidi tumzike sisi, tumsomee. Na yeye katukataza mwenyewe, hapahapa. Tutakuwa hatujamdhulumu?"

Mzee Kolumba akaandika: "Tumsifu Yesu Kristo. Mimi nilisema siku nyingi. Kama kutoamini ni dini, watu wa dini hiyo ndio wenye wajibu wa kumbeba."

Mtu akauliza: "Wako wangapi hao?"

Mwingine akajibu: "Yuko peke yake. Ajibebe."

Vikatuni vya kucheka.

Zongo akafumbua macho. "Wanasemaje?"

"Hawasemi kitu. Lala."

"Soma, dada."

Sikudhani akasoma. Zongo akacheka, na kicheko kikamkata tumbo, akauma shuka. Alipopata pumzi akasema: "Waambie... waambie mgonjwa hana dini. Mgonjwa ana tumbo."

Sikudhani akaandika. Kidole chake gumba kilikuwa kigumu kama kisigino kwa ajili ya jembe, kila herufi ilikuwa kazi. Lakini akaandika, na moyoni akaona raha kidogo, maana lilikuwa jibu zuri.

Akaweka simu chini. Akachukua khanga ajifunike mvua, aende mwenyewe kwa Mzee Kolumba. Nyumba ya Kolumba ilikuwa ng'ambo ya bonde. Ukungu ukifunguka unaliona bati lake kutoka mlangoni kwa Zongo. Akafika mlangoni. Simu ikanguruma.

Akarudi akaitazama. Mtu kaandika: "Jibu hilo la mgonjwa ni la hila. Siku zote alikuwa mzima, mbona hakusema ana tumbo tu?" Sikudhani akasikia damu inampanda. Akakaa kwenye kigoda. Akaandika: "Wewe mwanao alipoungua uji nani alikuletea asali? Si Zongo?"

Akaweka simu. Akachukua khanga. Akafika mlangoni. Simu ikanguruma.

Akarudi. Maalimu anasema: "Asali ni wema, haina uhusiano na dini. Tusichanganye." Akajibu: "Basi na machela ni wema, toeni!" Watu wanne wakampigia makofi ya vikatuni. Akaona wanamuunga mkono. Akaona anashinda.

Akaweka simu. Akachukua khanga. Simu ikanguruma.

Na mgonjwa kitandani? Mgonjwa alikuwa anabadilika rangi.

Gaudensi naye, kuona kundi limechangamka kuliko siku zote, akapiga kengele yake: "Wakuu, tusizunguke. Tupige kura, tumalize. Kutoamini ni dini, au si dini? Ikiwa dini, hana haki na machela ya mtu. Ikiwa si dini, tutafute pa kumweka." Watu wakapiga kura. Hata waliokuwa mjini wakapiga kura, ambao machela hiyo hawajaishika tangu wazaliwe. Mchana ukapita hivyo. Wengine walibadilisha kura, wakarudisha, wakabadilisha. Mwisho ikashinda: si dini.

Sikudhani akapiga kigelegele peke yake, kikajaa chumba kizima, mgonjwa akashtuka.

"Zongo! Tumeshinda! Si dini!"

Zongo akasema kwa sauti ndogo: "Asante. Machela iko wapi?"

Machela haikuwepo. Maana kura ilipoisha, mabishano hayakuisha. Maalimu akasema: kama si dini, basi huyu hajatoka alikozaliwa. Na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Mama yake alikuwa wa msikitini, kwa hiyo ni wetu, tunakwenda kumchukua. Kolumba aliposikia "ni wetu" akaruka kitini. Vipi mbatizwa wa kanisa abebwe na wengine? Watasema kanisa limemtupa! Sheria gani hiyo? Akatoka na mvua hiyohiyo, akawaita watu wake.

Ndugu zangu, asubuhi Zongo alikuwa hana wa kumbeba. Jioni machela mbili zikaingia uani kwake kwa mpigo, zikagongana kwenye kona ya banda la kuku.

"Tumefika kwanza!"

"Mmefika kwanza wapi, mti wetu ndio umegusa ukuta!"

Sikudhani akatoka akapiga magoti kwenye tope. "Jamani, baba zangu, mchukueni. Yoyote. Mchukueni."

Maalimu akasema: "Aseme mwenyewe, tusilaumiwe."

Kolumba akasema: "Ndiyo, aseme mwenyewe."

Wakaingia. Zongo alikuwa bado na akili zake, ila macho yameshaingia ndani. Akawatazama, huyu na kofia yake, huyu na rozari yake, maji yanawatiririka.

"Nikifia kwenye yako, maalimu, utanisomea?"

"Ndiyo sheria, mwanangu."

"Nikifia kwenye yako, mzee?"

"Sheria ni sheria."

"Basi nibebeni kwa blanketi."

Sikudhani akamshika mkono. "Zongo, mdogo wangu, lala popote. Wataka kuniua? Ile ni miti tu na kamba!"

Zongo akasema: "Kama ni miti tu na kamba, mbona walishindwa kuileta tangu asubuhi?"

Wazee wakatoka nje, wakawaita wenye mabega. 

Wakakata mti uani, wakafunga blanketi, wakamtia ndani kama wanavyobeba nguruwe wa porini, nisameheni, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mabega ya msikitini mbele, mabega ya kanisani nyuma. Siku ile hawakugombana hata neno. Sikudhani akafuata nyuma na simu kifuani inanguruma, inanguruma, watu wanauliza vipi, kachagua ipi? Blanketi halina ugumu wa machela; linamkunja mtu katikati, linambana palepale panapouma. Walipofika kwenye kijito, kabla hata ya kuvuka, yule wa nyuma akasema, "Mbona amekuwa mzito?"

Wakamweka chini. Zongo alikuwa amekwisha.

Hapo sheria yao ikawageukia. Hakushushwa na machela yoyote, basi hakuna wa kumzika. Msikiti ukanyamaza, spika yake haikutangaza. Kanisa likanyamaza, kengele yake haikulia. Ikabidi ukoo umwite mtani, mtu wa ukoo wanaotaniana nao tangu mababu, maana mtani hana kanisa wala msikiti mbele ya maiti. Mtani ana mikono. Mtani wao aliitwa Madengo. Akamwosha. Akamvisha shati lake la kuuzia karoti. Akachimba. Kijiji kizima kikaja kusimama kwenye mvua, wote wale wenye viganja vya njano.

Madengo akasimama juu ya kaburi, akafanya kazi ya mtani. "Haya Zongo, mbishi wewe, umefika. Kama huko kuna mtu, tuandikie kwenye kundi. Kama hakuna mtu, nyamaza, tujue."

Wakangoja. Pakawa kimya. Mmoja akacheka, wakacheka wengine, halafu kicheko kikageuka kikawa kilio, kama kinavyogeukaga.

Akafukia. Alipomaliza hakutupa jembe. Na hilo ndilo lililowakatiza watu kilio. Desturi ya Lugungile ni hii: kifo kikiwa cha siku yake, mtani hutupa jembe la kaburi korongoni, watu wanakwenda kula. Lakini kifo kikiwa na mkono wa mtu, mtani hulishika jembe, humkabidhi mtu huyo mbele ya macho ya wote. Atakayelipokea hatakula na wenzake mpaka matanga yaishe. Na jina la marehemu halitaingia nyumbani kwake, yeye wala vizazi vyake.

Sikudhani alipoona jembe halijatupwa, akageuka akamtazama binti yake, Mwanaisha, aliyesimama pembeni ameshika kiuno, tumbo limemtangulia. Kwao jina hufuata tumbo la dada: mtoto wa dada au wa binti yake ndiye hupewa jina la marehemu. Na Zongo hakuwa na dada mwingine. Jina lake lilikuwa limebakiwa na njia moja tu, nayo ilikuwa pale, imevaa gauni la kijani na ndala za kuazima.

Madengo akasema: "Nesi anasema asubuhi alikuwa wa kupona. Jioni hakuwa wa kupona. Nani alikaa katikati ya asubuhi na jioni? Gaudensi!"

Gaudensi akasogea. "Mtani, mimi nilitania. Zongo alipenda utani kuliko chakula, mnajua wote. Kura niliweka ili jambo likatwe. Kabla ya kura machela ilitoka? Haikutoka. Baada ya kura zilitoka mbili. Jembe langu la nini?"

"Ulicheka?"

"Tulicheka wote."

"Mzee Kolumba!"

Mzee Kolumba akavua kofia. "Mimi nilimsikia marehemu. Nikifa msinisomee. Hakusema mara moja tu. Ningemlaza kwetu akafa, ningevunja sheria ya kijiji au ningevunja neno la maiti. Nilitafuta njia ya kutomkosea yeyote. Kama kutafuta ni kosa, leta."

"Na ulipotoka, ulitoka kwa ajili ya Zongo au kwa ajili ya kumzuia maalimu?"

Kolumba akatazama tope. 

"Maalimu!"

Maalimu Mwinshehe akasema: "Machela yetu ilifika uani akiwa hai, anaongea. Akaikataa kwa kinywa chake. Mtu mzima akitema dawa, mganga ana kosa?"

Madengo akasema: "Dawa ya asubuhi imeletwa jioni, maalimu."

"Lakini imeletwa. Wangapi hawakuleta kitu?"

Watu wakainamisha vichwa, maana ilikuwa kweli.

Madengo akalizungusha jembe mkononi. Macho yake yakapita juu ya Sikudhani, hayakusimama. Hakuna aliyemdhania. Nani amdhanie dada aliyepiga magoti kwenye tope? Angenyamaza, jembe lingepita, matanga yangeisha, mtoto angezaliwa, jina lingerudi. Alikuwa na kazi moja tu siku ile: kunyamaza. Na kunyamaza ndiyo kazi ambayo hakuwahi kuiweza.

"Mimi miguu nilikuwa nayo," akasema.

Mwanaisha akamvuta khanga. "Mama! Nyamaza mama!"

"Niache. Bati la Kolumba naliona kutoka mlangoni. Ningekwenda nikasimama mbele yake, angeniambia nini? Mtu kwenye simu anasema ajibebe. Mtu mbele ya macho yako hasemi hivyo. Nilifika mlangoni, nikarudi. Nikafika, nikarudi. Nilikuwa naandika. Nilitaka kuwashinda." Akajifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Na nikawashinda."

 Mzee wa ukoo akamsogelea Madengo, akamwambia kwa sauti ambayo wote waliisikia: "Ukimpa huyu, umemuua Zongo mara ya pili. Jina halina kwingine."

Gaudensi naye, haraka haraka: "Lakini kakiri mwenyewe! Sisi hatujakiri, yeye kakiri!"

"Nyamaza wewe," akasema Kolumba. "Aliyekiri ndiye pekee mwenye aibu hapa."

Sauti ikatoka nyuma, haikujulikana ya nani: "Mbona hamumsemi mwenyewe? Machela mbili zimekuja hadi kitandani, kasema hapana. Huyo dini alikuwa nayo, tena kali, kaifia. Mwekeeni jembe lake juu ya kaburi twende zetu, tumelowa."

Maalimu akasema: "Ikiwa kaifia, basi kura yetu ilikosea."

"Msianze tena!" akapiga kelele Mwanaisha, na kelele zile zikamfanya akamate tumbo.

Madengo alibaki pale, jembe mkononi, udongo mwekundu unachuruzika na mvua kwenye mpini mpaka kwenye viwiko vyake. Alimtazama aliyecheka. Akamtazama aliyeogopa kukosea. Akamtazama aliyechelewa. Akamtazama aliyekataa, ambaye alikuwa kilima tu cha udongo. Akamtazama aliyeandika. Kila mmoja alikuwa na neno lake, na kila neno lilikuwa na ukweli ndani yake, kama kokwa. Ila jembe lilikuwa moja.

Mpaka mimi naondoka pale alikuwa hajalitoa.

Sasa na ninyi mnaojua kila kitu, mnaotuma viganja kutoka kitandani, msiniandikie. Simu wekeni chini, nitazameni machoni, fungueni vinywa. Jembe lile lingekuwa mikononi mwenu, mngempa nani?